Shangazi Anajibu: Shule ya Milimani au ya Mjini?

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi ni nesi, nimepata kazi Penrith, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba tuliyoimudu iko Alston, mji mdogo milimani. Tunaondoka mwishoni mwa Agosti na watoto wawili: binti ana miaka 6, kaka yake ametimiza 10 mwezi Juni. Nasikia shule za huko ni ndogo hata madarasa huchanganywa. Si bora niwapeleke Penrith, niwe nao karibu?
*Mama Wawili, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi.

Waache wasome Alston. Kutoka hapo hadi Penrith ni kama kilomita 32, na barabara inapanda mlima wa Hartside, karibu mita 580 juu ya usawa wa bahari. Theluji ikizidi hufungwa. Siku hiyo wewe ukiwa zamu, heri wanao wawe upande wa nyumbani na baba yao kuliko wote mkwame Penrith.

Kuchanganya madarasa kusikutishe. Nimekuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya kijiji pande hizo. Chumba kimoja, watoto wa miaka mitano hadi saba. Ni kama chuoni kwetu: huyu yuko kwenye alifu, mwenzake kashafika juzuu, na mwalimu ni yuleyule. Alikuja mtoto asiyejua Kiingereza hata neno. Kila siku baada ya chakula msichana wa darasa la juu alikaa naye zuliani, wakifuatisha mistari kwa kidole. Kufika Pasaka alikuwa anajisomea mwenyewe.

Anayenitia wasiwasi ni kaka mtu. Kule mtoto hupangwa kwa umri wake, na mwaka wa shule hukatwa tarehe 31 Agosti. Kijana wako ataingia moja kwa moja mwaka wa 6, wa mwisho wa msingi, hata kama Tanga yuko la nne. Maombi ya sekondari hufungwa 31 Oktoba, majibu hutoka 1 Machi. Yaani hata masanduku hamjamaliza kufungua! Maombi hayo yanakwenda halmashauri ya Westmorland and Furness, hayapelekwi shuleni. Tafadhali usiiache tarehe hiyo ikapita.

Alston ina sekondari yake, Samuel King's, ndogo mno kwa kipimo cha Uingereza, nami ningeanza na hiyo. Penrith iko Ullswater Community College, na Queen Elizabeth Grammar School inayochuja kwa mtihani. Ila pima nauli: mtoto wa umri wake husafirishwa bure akikaa zaidi ya maili 3 kutoka shule ya karibu inayomfaa yenye nafasi. Ukiiruka ya karibu kwa hiari yako, nauli ya basi huenda ukailipa mwenyewe.

Ada hakuna, na binti yako atapata chakula cha mchana bure. Tena fedha za serikali hufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo shule ndogo ikipata watoto wawili wapya ni neema kubwa. Piga simu shuleni mapema, uliza bila haya.

Vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo zikae kwenye begi la mkononi. Mabuti ya mpira nunueni hukohuko, na majina yaandikwe ndani kwa wino usiofutika, maana mlangoni pa shule yote yanafanana.