Jumapili ya shilingi elfu kumi: watoto wawili, mbwa mmoja na bahari ya Kunduchi

Mara ya kwanza kutoka na watoto pamoja na mbwa, tulitumia zaidi ya elfu arobaini na nusu ya familia haikuona bahari. Dereva wa bajaji wa kwanza alipomwona Popi, mbwa wetu, aliondoka bila hata kuaga. Wa pili alikubali, ila kwa bei ambayo sitaiandika hapa, mama yangu asije akaisoma. Tukafika kwenye ufukwe mmoja wa kulipia, watoto wakakatiwa tiketi, mimi nikakatiwa, ndipo mlinzi akainama kutazama chini: "Mbwa haingii, mama." Baba watoto akabaki nje chini ya mkungu na Popi, saa mbili nzima, soda moja mkononi. Sikumlaumu mlinzi, sheria ni yao. Nilijilaumu mwenyewe kwa kutouliza kabla.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna kanuni moja: mbwa akienda, tunakwenda kwa miguu. Sisi tunakaa Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam, kwa hiyo kwetu kwa miguu maana yake ni bahari. Wewe wa Kimara au Goba utakuwa na bonde, kiwanja cha shule au njia ya vumbi yenye miembe. Daladala usiifikirie kabisa, na gari la kukodi linakula hela yote ya mihogo. Ukitaka kwenda mbali, kama kuvuka na pantoni hadi Kigamboni, mwache mbwa nyumbani na maji ya kutosha kivulini. Hatakuchukia. Hifadhi za taifa nazo usiulize, mbwa wa matembezi hawaruhusiwi.

Hela si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Tatizo ni saa. Ufukweni kuna saa mbili za kuzitazama, ya jua na ya maji, na zisipopatana siku yako imeharibika.

Ya maji nilifundishwa na wavuvi pale diko, wanapoteremsha samaki. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Sasa, saa nne asubuhi Dar es Salaam jua limeshakuwa kali. Kwa hiyo mimi nazitafuta zile Jumapili zinazoangukia siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, wakati maji yanapwa saa mbili asubuhi na ushei. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, tunayakuta maji yanarudi nyuma, mchanga mgumu kama sakafu, vidimbwi vimejaa kaa na visamaki, na saa tatu na nusu tumeshageuza. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo. Hapo natoka jioni, baada ya saa kumi.

Jihadhari na kitu kimoja. Maji yakipwa, watoto hupenda kukimbilia kwenye mafungu ya mchanga kule mbele. Maji yanaporudi hayaji kwa mbele tu, huzunguka kwanza nyuma ya fungu, na ukistuka kuna mfereji kati yako na nchi kavu. Mtu mzima mmoja akae ng'ambo ile waliko watoto, siyo kwenye mkeka. Na mvua kubwa ikinyesha, achana na kuogelea siku mbili tatu, maana mito yetu hapo inamwaga baharini kila kitu ilichokuta mtaani.

Jua nalo, lipime kwa ajili ya mbwa. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya mchanga mkavu, hesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye anaungua nyayo, ila hana viatu wala maneno. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipooza kwa kuhema. Ukiona anahema kwa nguvu, ulimi umening'inia, anatafuta kivuli na kukataa kuondoka, matembezi yameisha, hata kama mtoto analia kwamba hajamaliza nyumba yake ya mchanga. Beba maji yake na bakuli. Asipokuwa na maji matamu atakunywa ya bahari, na hayo humtapisha na kumharisha. Niliyasafisha mara moja, kwenye mkeka wa kuazima.

Kuna la kutisha zaidi, na wengi wanaofuga hawalijui. Wavuvi wakichambua nyavu hutupa mchangani samaki wasiolika, na mmojawapo ni bunju, yule anayejivimbisha kama mpira. Bunju ana sumu kali. Mbwa akimla, awe mbichi au mkavu, anaweza kufa, na dawa ya kuipoza sumu hiyo hakuna. Ndiyo maana karibu na diko Popi hatembei huru hata hatua moja. Watoto nimewafundisha kumtambua, na siku hizi wao ndio wanaotangulia kupiga kelele: "Mama, bunju!"

Kamba ina sababu nyingine, nayo ni watu. Mtaa wetu una Waislamu wengi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa nguo ya mtu inabidi aitahirishe, na hawezi kuswali nayo hivyo hivyo. Siku moja Popi alitoka majini, akakimbia, akajikung'uta karibu kabisa na mzee aliyekuwa anaelekea msikitini, kanzu nyeupe pe. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwamkia, nikaomba radhi. Akaitikia marahaba, akaitazama kanzu, akasema, "Mwanangu, huyu mnyama hana kosa. Kamba iko wapi?" Akarudi nyumbani kubadilisha. Jioni nilikwenda na mume wangu kuomba radhi tena, na hadi leo akituona anatania kutokea mbali kwamba leo kamba anaiona. Kwa hiyo kamba fupi, upande wa mbali na wapita njia, na ukiona mtoto wa mwenzio amejikunyata kwa hofu, simama wewe apite yeye. Usimwambie "haumi." Kila mwenye mbwa anasema haumi.

Ukichoka bahari, magofu ya Kunduchi yako jirani. Kuna mabaki ya msikiti wa mawe ya matumbawe, mibuyu minene, na makaburi ya kale, mengi ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa sahani za Kichina zilizopachikwa ukutani. Sahani nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara, na mwanangu wa miaka tisa huyahesabu kila tukienda na kila mara anapata idadi tofauti. Ni mahali pa makaburi na ibada, kwa hiyo mbwa haingii. Mmoja wetu hubaki naye njiani, kisha tunapokezana. Hapo ndipo baba watoto ananikumbusha ule mkungu wake.

Kuhusu kinyesi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na sisi tulioizoea tukabaki tunatazamana. Mimi natunza karatasi za mikate. Unaigeuza, unavaa kama glovu, unaokota, unairudisha, unafunga, unakwenda nayo mpaka kwenye pipa. Kufukia mchangani sikushauri, kuna mtoto atakuja kuchimba hapohapo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hatubishani: kila mwaka, kadi ikae mahali unapopajua. Muulize afisa mifugo wa kata yako, maana mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, huandaliwa chanjo ya bure au ya bei nafuu. Na mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa kwenu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili kwa saa ya ukutani, halafu hospitali siku hiyohiyo. Usiweke pilipili wala mafuta ya taa, na usisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Hesabu yetu ya Jumapili iliyopita: mihogo ya kukaanga na kachumbari elfu tatu, madafu mawili elfu tatu, ice cream za watoto elfu mbili, na elfu moja nilimpa kijana aliyeokoa ndala ya mdogo ilipochukuliwa na wimbi. Elfu tisa. Chapati na chai ya chupa tulitoka nazo nyumbani. Popi alikula kiporo cha ugali na dagaa kabla ya kutoka. Njiani hapewi kitu, hasa mifupa ya kuku, kwa sababu ikishapikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo.

Tukirudi, anamwagiwa ndoo moja ya maji baridi kutoa chumvi, na watoto wanamkagua kupe: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Wanashindana. Wiki iliyopita mdogo alishinda kwa kupe wawili, akataka zawadi, nikamwambia zawadi ni kuoga kwanza yeye.