Sindano ya kupunguza mwili na vidonge vya sukari: uache kipi?

Mkuu, umesema unameza metformin na glibenclamide, dada yako aliyeko Marekani anataka kukutumia sindano ya Ozempic, na unauliza kama vidonge uviache. Usiache kitu kabla hujaonana na daktari. Ila wachangiaji waliotangulia wanazisema dawa hizi kana kwamba zote zinafanya kazi moja, tofauti ni ukali tu. Sivyo.

Metformin inashughulika zaidi na ini. Ini hutengeneza sukari hata ukiwa umelala, na kwa sisi wenye kisukari aina ya pili linamwaga kupita kiasi. Ndiyo maana unaamka sukari iko juu hata kama jana ulikula sato mtupu bila ugali. Metformin inalipunguza kasi. Mwanzoni tumbo litakuendesha (mimi daladala ya asubuhi kutoka Igoma nilikuwa naiogopa), lakini ukimeza pamoja na chakula hutulia.

Glibenclamide ni habari nyingine. Inalisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula hujakula. Mimi ilinishika pale Mwaloni, Kirumba, nasubiri kupimiwa dagaa na saa ya kula imeshapita: jasho la baridi, vidole vinatetemeka, chenji nashindwa kuihesabu. Mama muuzaji akadhani nimelewa. Soda, ile yenye sukari kabisa, ndiyo iliyoniokoa. Halafu dawa hii huongeza mwili, jambo ambalo wengi hatuambiwi.

Sasa hiyo sindano. Ndani yake kuna semaglutide, inayoiga GLP-1, homoni ambayo utumbo hutoa tukila. Ile yetu ya asili huvunjika ndani ya dakika chache. Hii imetengenezwa idumu, ndiyo maana mtu anachoma mara moja kwa wiki. Inaliamsha kongosho pale sukari inapopanda, inachelewesha chakula kutoka tumboni, na inaupa ubongo taarifa ya shibe. Ugali wa udaga uliozoea kuumaliza unaweza kuuacha nusu. Kichefuchefu nacho kipo, hivyo dozi huanza na 0.25 mg kwa wiki 4 ndipo ipandishwe. Ukiiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi, kwa hiyo piga hesabu ya miaka, siyo ya kalamu moja (kifaa cha kuchomea chenye dawa ndani) ya zawadi.

Metformin na sindano hii hutumika pamoja bila shida. Wasiwasi wangu ni glibenclamide: ikikutana na sindano, na wewe unakula kidogo, sukari itashuka vibaya. Muulize daktari kama aipunguze au aitoe. Mwambie pia kama umewahi kuugua kongosho, au kama kuna ndugu aliyepata saratani ya tezi ya shingo.

Na dada ajue kwamba kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Ikisafiri siku mbili ndani ya begi mpaka Mwanza bila ubaridi, mimi nisingeichoma.