Banda la vitu vya kale: mpangie anayekimbia, mpangie na anayetembea

Dada zangu na kaka zangu mlioko Massachusetts, Connecticut na majimbo ya jirani mmekuwa mkiniuliza jinsi ya kupanga banda kwenye masoko ya nje ya vitu vya kale. Nitawajibu kwa kutumia Brimfield, kwa sababu ndiko nilikojifunzia kazi hii na ndiko ninakouza mpaka leo.

Brimfield ni mji mdogo wa Massachusetts. Soko lake lilianza mwaka 1959, Gordon Reid alipofanya mnada wa nje kwenye shamba lake. Siku hizi hufanyika mara tatu kwa mwaka, yaani Mei, Julai na Septemba, kuanzia Jumanne hadi Jumapili. Usidhani ni uwanja mmoja. Ni viwanja vingi vyenye wenyewe tofauti, vimepangana kandokando ya barabara ya Route 20, na kila kimoja kina siku yake na saa yake ya kufungua. Kuna vinavyoanza alfajiri, wanunuzi wakimulika meza kwa tochi. Kuna vinavyowaweka wanunuzi nje mpaka saa tatu asubuhi, kisha lango likifunguliwa watu wanamiminika kwa mbio.

Mbio hizo ndizo zinazoamua jinsi ninavyopanga. Wanaokimbia ni wafanyabiashara wenzetu, wapambaji wa nyumba na mahoteli, na wakusanyaji wanaotafuta kitu wanachokijua jina na umri. Hawasomi chochote. Wanalitazama banda huku miguu inaendelea, na kama hawakuona chao, wamekwenda. Jua likipanda wanakuja wengine kabisa: familia, wapenzi, wazee na wajukuu zao, kahawa mkononi. Hao wanataka kushika, kuuliza, kukumbuka jiko la bibi yao. Banda ukilipangia kundi moja tu, la pili umelipoteza. Kila ninachowaeleza hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo.

Tuanze na anayekimbia. Yeye mpe kitu kimoja kikubwa, kiwe mbele, kwenye kona inayotazama upande watu wanakotokea. Kimoja. Ukiweka vitatu vikubwa mbele vinapigana na hakuna kinachoonekana. Mimi napenda sana cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa miguu, ile yenye meza na miguu ya chuma. Mtu anaitambua akiwa mbali kwa umbo lake tu. Tena ina namba iliyopigwa kwenye chuma, na kwa namba hiyo unaweza kujua ilitengenezwa mwaka gani. Basi mwaka huo uandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi cha bei, maana mkusanyaji atauliza hilo kwanza. Kama huna cherehani, kabati la jikoni litafaa, au bango la dukani la bati, au milango miwili ya mbao yenye rangi inayobanduka.

Halafu panda juu. Kosa ninaloliona kwenye mabanda mengi ni meza tatu zenye kimo kimoja, vitu vyote vimelala. Jicho la mpita njia halina pa kushikia. Nyumbani mmewaona wauza mitumba wa soko la Karume, Dar es Salaam: nguo nzuri kuliko zote haifukiwi kwenye fungu, inatundikwa juu mbele. Fanyeni vivyo hivyo. Ngazi ya zamani ya mbao ikifunguliwa na kuwekewa mbao kwenye vipago inakuwa rafu. Kreti za soda zikipangwa kwa ubavu zinakuwa vishubaka. Masanduku ya safari yakipandana, kubwa chini dogo juu, yanakuwa nguzo, nayo yenyewe yanauzwa. Hakikisha kila ulichotumia kupangia kina bei, au kama hakiuzwi, kiandike hivyo waziwazi. Wateja wengi huipenda ngazi kuliko vilivyo juu yake.

Mwanga nao mara nyingi unasahaulika. Hema la kawaida ni futi 10 kwa 10. Nunueni jeupe. Hema la bluu au jekundu linapaka rangi yake juu ya kila kitu, na sahani nyeupe chini ya turubai la bluu inaonekana kama imechakaa. Mbao za giza ziwekwe ukingoni mwa kivuli, zipate mwanga wa pembeni; vioo na bilauri ziwekwe mahali ambapo mwanga unapita nyuma yake. Ukuta wa nyuma wa hema usiufunge wote. Mimi natundika pale pazia la zamani la lesi au madirisha ya mbao ya kufungua, mwanga unapita na fujo ya magari ya jirani haionekani.

Nguo ya kufunikia meza iwe ya rangi tulivu. Natumia merikani isiyopaushwa, inafika mpaka chini majanini na kuficha maboksi yote. Naipenda kwa sababu nyingine pia. Katika karne ya 19 meli za Salem, hapa hapa Massachusetts, zilipeleka Unguja kitambaa kama hiki kilichofumwa kwenye viwanda vya jimbo hili, zikarudi na sandarusi na pembe za ndovu. Mteja akigusa nguo ya meza na kuuliza, namwambia. Mazungumzo yakianza hapo, mara nyingi yanaishia kwenye ukuta wangu wa khanga.

Khanga za zamani ndizo hazina yangu, kwa hiyo nisikieni vizuri. Itundike ikiwa imenyooka, pindo zima lionekane pande zote nne, na jina lake lisikunjwe. Usiibane kwa pini za chuma. Umande wa usiku unaacha kutu. Tumia vibanio vya mbao juu ya ufito. Na isikae juani, kwa sababu rangi yake itapauka. Ukuta wa upande wa kaskazini ndio wake.

Sasa anayetembea. Huyu ndiye ninayempangia kwa moyo wangu wote, na hapa ndipo ubunifu unapohitajika. Mtembezi hanunui kitu tu, anataka kujua kilitumikaje. Kwa hiyo kila kitu kisichojulikana kiwekeni pamoja na mwenzake. Mizani ndogo ya kupimia mayai, ambayo ilikuwa kawaida kwenye mashamba ya huku New England, ikikaa peke yake ni kipande cha bati. Iweke na yai juu yake, sindano yake ikisogea, na watoto watamvuta mama yao mkono. Mashine ya kumenyea matofaa iwekwe tofaa lililomenywa nusu. Koleo la barafu litundikwe likiwa limebana kigogo cha mbao chenye ukubwa wa bonge la barafu. Nami mbuzi ya kukunia nazi siiweki imefungwa. Naifungua, naweka kifuu kando yake na sahani ya machicha. Wamarekani wengi hawajaiona maishani mwao, na bado wanaelewa papo hapo bila mimi kusema neno.

Ukiendelea na njia hiyo unajikuta unajenga pembe za nyumba. Karibu na cherehani naweka droo iliyovutwa, gurudumu za uzi, chupa za vifungo zimepangwa kwa rangi, na kitambaa kimeachwa chini ya sindano kana kwamba fundi ameinuka kwenda kufungua mlango. Pembe ya jikoni ina vyombo vya enameli, mwiko, taa ya chemli. Pembe ya kahawa ina dele la shaba juu ya sinia, vikombe vidogo vimezunguka. Msijaze. Pembe ya vitu saba vilivyooana inauza kuliko meza ya vitu hamsini, kwa sababu mnunuzi anaona jinsi vitakavyokaa kwake.

Hapa kuna mvutano, na sitaki kuuficha. Anayekimbia anataka kuona vitu vyote wazi, anayetembea anataka kugundua. Mimi nimeumaliza kwa saa. Asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, mbele ya banda ni wazi: vikubwa, virefu, bei zinasomeka kutoka njiani. Mbio zikipungua, navuta viti viwili mbele, nafungua masanduku, namwaga vitu vidogo kwenye mabakuli mahali mkono unapofika, naweka meza ya vitu vya bei nafuu kwa ajili ya watoto. Ni kazi ya nusu saa. Jirani zangu wengi hawaifanyi, na mchana mabanda yao yanakuwa na mapengo palipouzwa vitu vikubwa. Pengo linasema vitu vizuri vyote vimeondoka. Wekeni akiba chini ya meza na mzibe pengo mara tu mteja akigeuka, hata kabla hamjahesabu pesa kwa mara ya pili.

Bei iandikwe kwa penseli, kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Wino unachuruzika kwa umande, na gundi inaharibu rangi ya mbao na karatasi za vitabu. Kwenye fanicha ongeza vipimo, kwani mnunuzi ana gari la ukubwa fulani na mlango wa upana fulani. Kwenye rundo la sahani, ya juu kabisa igeuzeni kifudifudi ili muhuri wa mtengenezaji uonekane. Mjuzi ataufuata mwenyewe. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za kutoka nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo jina la nchi chini ya sahani linasaidia kukisia umri. Lakini muwe wakweli. Chupa nyingi za zamani za Mason, zile za kuhifadhia vyakula, zina maandishi ya hataza ya Novemba 30, 1858, na chupa hizo ziliendelea kutengenezwa na tarehe hiyo kwa miongo mingi baadaye. Anayeiandika kuwa ya mwaka 1858 anamdanganya mteja, na Brimfield wanaojua ni wengi kuliko wasiojua.

Kuna kitu siweki mezani kabisa, nacho ni pembe za ndovu. Mtaziona nyingi mkipita kwenye mashamba na minada ya huku, hasa vibao vya piano. Miji ya Ivoryton na Deep River, Connecticut, ilijengeka kwa kazi hiyo, na pembe zake nyingi zilipitia Unguja. Tangu mwaka 2016 serikali kuu imebana karibu biashara yote ya pembe za tembo wa Afrika, na misamaha ya vitu vya zaidi ya miaka 100 inataka nyaraka. Nami hata bila sheria nisingeziweka. Najua waliozibeba mabegani mpaka pwani walikuwa watu gani.

Hali ya hewa mjipange nayo kabla hamjapanga kingine. Kila mguu wa hema ufungieni uzito wa kilo 18 hivi, na kamba ianzie kwenye fremu ya juu, isiishie kuzungushwa mguuni tu. Mifuko ya mchanga inatosha, na unaweza kuificha ndani ya magunia ya zamani ya nafaka yakawa sehemu ya pambo. Milango na madirisha unayosimamisha kama kuta yafungwe kwa mnyororo, si kwa uzi. Julai radi inaweza kuja kwa ghafla alasiri: vitabu, mabango ya karatasi na sahani za santuri viwe ndani ya kreti zinazobebeka kwa mara moja. Mei na Septemba ni umande wa alfajiri. Vifunike usiku, lakini plastiki uitoe jua likichomoza kabla vitu havijatoa jasho ndani yake. Kisha kuna hatari ambayo wachache huifikiria. Kioo cha kukuzia, kioo kilichobonyea, hata chupa ya mviringo yenye maji, vinaweza kukusanya jua na kuunguza nguo ya meza. Viwe kivulini, vioo vikubwa vigeuzwe vitazame chini kidogo.

Mkimaliza kupanga, vukeni njia mkapige picha ya banda kwa simu, mkiwa mmesimama pale atakapopita mteja. Igeuzeni picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, mtaona mara moja palipo na shimo la giza, palipojaa kupita kiasi, na kama kile kitu kimoja kikubwa kweli kinaonekana. Rekebisheni, pigeni tena.

Na siku ya mwisho msikimbilie kufungasha. Wenye malori huja alasiri kutafuta meza na makabati, wakijua wauzaji hawataki kuyarudisha nyumbani. Anzeni kufungasha kutoka nyuma, vidogo kwanza, kila boksi likiandikwa pembe yake: cherehani, jiko, kahawa. Mbele ya banda ibaki imesimama, imepangwa, na bei zake, mpaka gari la mwisho litoke uwanjani.