Kishale kinaruka vitufe

SWALI: Fundi, ninaunda kifaa cha kusogeza kishale kwenye skrini: mpira unaozungushwa kwa kidole gumba. Nikiongeza kasi, kishale kinapitiliza vitufe vidogo. Nikipunguza, nazungusha mpaka kidole kinauma. Niweke kasi gani?

JIBU: Hakuna kasi moja itakayokuridhisha, usijichoshe kuitafuta. Mkono hufanya kazi mbili: hurusha kishale karibu na shabaha, kisha hukisogeza kidogo kidogo hadi kitulie juu yake. Basi programu yako ipime mwendo wa mpira wenyewe. Ukizunguka taratibu, kishale kijongee tu. Ukizunguka haraka, hatua zake zizidishwe. Ila mpito uwe laini. Kasi ikibadilika ghafla katikati, mkono hauwezi kuizoea, na mimi kifaa cha namna hiyo hukirudisha kabatini siku hiyohiyo.

Unapojaribu, usitumie kitufe kimoja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kuwa muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali wake ukilinganishwa na upana wake. Kwa hiyo changanya vikubwa na vidogo, vya karibu na vya mbali, upime kwa saa.

Halafu, mbona kidole gumba? Mpira mkubwa kidogo, unaoguswa kwa vidole viwili au vitatu, hulenga vizuri zaidi. (Mmoja wa mipira ya kwanza ya aina hii, uliotengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini la Kanada, ulikuwa mpira wa mchezo wa bolingi!) Ukishikilia gumba, kitufe cha kubofya kipe kidole cha shahada, la sivyo kila ukibofya kishale kitahama.