Usinunue viungo
Umeuliza kama ununue viungo 500 (yaani linki za kutoka tovuti nyingine kuja kwako) ili tovuti yako ipande haraka kwenye Google. Ndugu yangu, usinunue! Tangu Penguin, mfumo wa Google wa kunasa viungo vya hila, ilipoanza Aprili 2012, viungo vya namna hiyo vimeangusha tovuti nyingi, na kujinasua kunaweza kuchukua miezi. Hata vile vya kubandika kwenye sehemu za maoni za tovuti za watu kwa kawaida huwekewa alama ya "nofollow", iliyoanzishwa 2005, inayoidokeza Google isivihesabu.

Tengeneza kitu kimoja ambacho wenzako wa fani hiyo watataka kukitaja, mfano majaribio uliyofanya mwenyewe, pamoja na takwimu zake. Halafu mwandikie mtu mmoja mmoja, umwonyeshe ni ukurasa wake upi utakaofaidika. Kujitangaza si kosa, nami najitangaza, ila swali la mtu lijibiwe kwanza, kiungo kifuate.