Mlima wa Pwani Hauonekani kwenye Ramani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kufikisha kilomita 100 kwa baiskeli kwa mara ya kwanza. Nimechagua barabara ya kando ya bahari kwa sababu haina mlima hata mmoja. Unanishauri nini?" Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka mitatu iliyopita, na yalinitokea puani.

Nilikuwa mgeni katika kundi la watu wanane. Kiongozi wetu, mtu mwenye mapaja kama nguzo, ndiye aliyepanga njia: kilomita 45 kwenda, tunageuza, kilomita 45 kurudi, bahari ubavuni mwanzo hadi mwisho. "Tambarare kama meza," akasema. "Hata mtoto anafika."

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Jamani, siku ile niliruka! Kimita cha kasi kwenye usukani kilisoma 34, mara 36, mara 38, na mimi napumua kwa pua tu. Nikajiona nimeiva. Nikaanza hata kuwahesabu wale ambao ningewapita mwishoni. Kitu kimoja kilipaswa kunishtua: masikio yangu yalikuwa kimya. Ukienda kilomita 35 kwa saa, hewa lazima ivume masikioni. Ikiwa huisikii, hewa hiyo inakwenda nawe, na sehemu ya kasi unayojivunia si yako.

Tulipogeuza nilidhani breki imekamata. Nakwambia ukweli, niliinama kabisa kutazama gurudumu la nyuma. Gurudumu lilikuwa salama. Kimita kilisoma 21.

Upepo ulikuwa unatujia mshazari, mbele na upande wa bahari. Wazoefu wakajipanga upesi, kila mmoja akikaa nyuma kidogo na kando ya mwenzake, kwenye kivuli cha upepo, mpaka watu watano wakajaza upande wetu wote wa barabara. Sisi watatu tuliobaki nyuma hatukuwa na pa kujificha. Ukishakuwa kwenye mkia ule, unakaa nyuma ya mtu lakini upepo unakupiga vilevile, maana kivuli chake kimeangukia mahali usipoweza kwenda.

Mbele yangu kulikuwa na taa ndogo nyekundu iliyofungwa chini ya kiti cha mwenzangu. Mwanzoni ilikuwa karibu kiasi cha kuishika kwa mkono. Ikawa urefu wa baiskeli moja. Nikasimama juu ya pedali, nikaifikia. Ikatoka tena. Ikawa urefu wa basi. Baada ya hapo sikuweza kusema kama ile ni taa au ni macho yangu tu.

Hakuna aliyegeuka.

Kilomita 28 za mwisho zilinichukua karibu saa mbili. Nilipofika niliwakuta wameshafungasha, na kiongozi akaniambia, "Tulidhani umepata pancha." Mpaka leo najiuliza: kama mlidhani nina pancha, si ndiyo sababu ya kurudi? Lakini tuyaache. (Sijayaacha, kama mnavyoona.)

Basi sikiliza, ndugu msomaji, na wengine wote mnaoiota kilomita 100 yenu ya kwanza, maana najua mnaiota. Kwenye pwani tambarare, upepo ndio mlima. Ukipanda mlima wa kweli unauona, unajua kilele kiko wapi, na ukifika juu unateremka bure. Upepo hauna kilele.

Hesabu yake ni hii. Kizuizi cha hewa hakiongezeki sawasawa na kasi. Hewa ikikujia kwa kasi mara mbili, inakuzuia mara nne. Sasa chukua mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa siku tulivu. Siku ya upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa, akitaka kubaki na 30 yake, mwili wake unakutana na hewa ya 50. Kizuizi kinakuwa karibu mara tatu. Hakuna miguu inayovumilia hilo kwa saa mbili, labda ya wale wanaolipwa.

Na usidanganywe kwamba upepo utakurudishia ukigeuza. Kilomita 40 kwenda kwa 20 kwa saa ni saa mbili. Kilomita 40 kurudi kwa 40 kwa saa ni saa moja. Jumla saa tatu. Siku tulivu, kwa 30 kwa saa, safari hiyo ungeimaliza kwa saa 2 na dakika 40. Dakika 20 zimepotea.

Kama unadhani haya ni ya sisi wadhaifu, tazama mbio za baiskeli za Tour de France za mwaka 2015. Hatua ya pili ilitoka Utrecht ikaenda pwani ya Zeeland, Uholanzi, nchi isiyo na kilima cha kumchosha mbuzi. Upepo wa bahari ukalivunja kundi. Nairo Quintana, mmoja wa wapandaji milima bora duniani, akabaki upande mbaya wa mpasuko na kupoteza dakika 1 na sekunde 28 kwa Chris Froome. Wiki tatu baadaye, baada ya milima ya Alps na Pyrenees yote, Froome alishinda akimzidi Quintana kwa dakika 1 na sekunde 12. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka huohuo, katika mbio za Gent-Wevelgem za Ubelgiji, upepo ulimtupa Geraint Thomas nje ya barabara mpaka majanini.

Waholanzi wenyewe wameamua kulifanya jambo hili mchezo. Wana mashindano ya taifa ya kuendesha dhidi ya upepo, kilomita 8.5 juu ya ukuta wa bahari wa Oosterscheldekering, kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia za kubadilisha. Hayafanyiki mpaka dhoruba ije. Siku tulivu, hakuna mashindano. Napenda sana akili hiyo.

Sasa ushauri. Wa kwanza ndio mkubwa, na ukisahau mingine yote ushike huu: anza safari ukiukabili upepo. Nenda nao usoni miguu ikiwa mipya, urudi nao mgongoni. Kabla ya kutoka tazama bendera, tazama moshi, tazama utabiri, kisha chagua upande. Sisi siku ile tulifanya kinyume kwa sababu upande ule "una mandhari nzuri".

Wa pili unafanana na wa kwanza: toka mapema. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu inapanda juu, na ile ya baharini yenye ubaridi inaingia kuziba nafasi. Mara nyingi upepo huo huamka asubuhi ikishakomaa, ukawa mkali kabisa alasiri, ukatulia jua likizama. Anayetoka alfajiri na anayetoka saa nne hawaendeshi barabara moja, hata kama lami ni ileile.

Mabaharia wana neno lao, kubisha: jahazi likikutana na upepo wa mbele huenda mshazari, huku na huku, mpaka lifike. Baiskeli haiwezi kubisha. Ila unaweza kuchagua njia ya ndani. Mara nyingi kilomita mbili tatu kutoka ufukweni kuna miti, nyumba, kuta, na upepo unapungua mpaka unashangaa. Njia nzuri ya pwani, kwangu mimi, ni duara: unakwenda kando ya maji ukiupokea upepo, unarudi kwa ndani.

Upepo wa ubavuni una hatari zake. Shika usukani sehemu ya chini, legeza viwiko, na uache rimu zenye kimo kirefu nyumbani, maana zinageuka tanga. Jihadhari pale ukuta au nyumba zinapoishia ghafla, na lori linapokupita: linakukinga sekunde moja, kisha linakuachia upepo wote kwa mpigo. Na mchanga kwenye kona usiuamini kamwe. Usishike breki juu yake.

Jambo lingine halisemwi: barabara tambarare haikupumzishi matako. Hakuna mteremko wa kuachia pedali, unakaa mkao mmoja saa nzima. Kila dakika kumi simama kidogo juu ya pedali, badilisha mikono. Mimi vidole viwili vilikufa ganzi siku ile, vikakaa hivyo mpaka kesho yake.

Ukifika nyumbani, osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, taratibu, bila mashine ya presha. Kausha mnyororo, tia mafuta. Nguzo ya kiti ivute mara kwa mara na kuipaka grisi inayofaa fremu yako. Ya alumini ndani ya fremu ya kaboni, chumvi ikiingia, inaganda pale kama imechomelewa.

Na ninyi mnaoongoza makundi, geukeni. Kila dakika tano, geuza shingo uhesabu. Mwenye nguvu akae mbele upande wa upepo, dhaifu apewe kivuli, siyo mkia. Ukimwalika mtu, umemchukua dhamana. Miguu mikubwa bila utu ni nyama tu.

Jumapili iliyopita nilimaliza kilomita 112, peke yangu, upepo usoni kwa zile za kwanza 58. Sikufika nikiwa nimekufa. Nilifika nikiwa na njaa, basi.

Jioni yake yule kiongozi wetu wa zamani aliona rekodi yangu, akanitumia ujumbe. Anauliza wiki ijayo natoka saa ngapi, na nitapita upande gani. Bado sijamjibu.