Jibu: Kwa nini programu inaandika "Mtumiaji 3 imefutwa"?

Mkuu, hapo kosa si la mtafsiri, ni la msimbo. Umeunganisha vipande: jina la kitu, idadi, kisha "imefutwa". Kiingereza kinavumilia hilo, lakini kwetu kitenzi hufuata ngeli: picha imefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa, wingi zimefutwa, wamefutwa. Andika sentensi nzima kwa kila aina ya kitu, umoja peke yake na wingi peke yake. Kanuni za Unicode CLDR (hazina ya kanuni za lugha ambayo programu hutumia) kwa Kiswahili zina hali mbili tu: 1, na idadi nyingine zote. Sifuri inaangukia kwenye wingi, kwa hiyo utapata "Picha 0 zimefutwa" usipoiwekea yake: "Hakuna picha iliyofutwa".

Vitufe viwe amri: "Hifadhi", "Tuma", si "Kuhifadhi". Kinachonitisha zaidi ni kitufe chako cha "Futa": skrini moja inaondoa data, nyingine inaacha tu ulichokuwa unafanya. Mtu atapoteza kazi yake. Kitufe cha kuacha kiwe "Ghairi" kote. Ila swali likiwa "Unataka kughairi oda?", weka "Ghairi oda" na "Rudi", ukiweka "Sawa" na "Ghairi", hata wewe utakosea.